Kigelegele Kilichofuta Kesi

Katika mtaa wa Jiwe Refu, juu kidogo ya Nangara mjini Babati, mgeni rasmi hushangiliwa kwanza, kusikilizwa baadaye. Ndivyo watu walivyolelewa. Mgeni akisimama, unapiga makofi. Akitaja jina la mtaa wenu, unapiga tena. Akitua kupumua, akina mama wanadakia hapo hapo kwa vigelegele, maana ni aibu mgeni atue kimya kimya kama mtu anayeongea na ukuta. Na katika mtaa mzima hakuna mwanamke aliyekuwa na kigelegele kama cha Devotha, Mama Kindness, mke wa Cornel fundi cherehani. Kilianza chini, kikapanda, kikakaa huko juu mpaka mbwa wa Nangara wakaitika. Kipaimara, harusi, mahafali ya chekechea, kote aliitwa. Akipita sokoni watu walimnyooshea kidole: yule ndiye mwenye sauti.

Asubuhi hiyo alikisikia kigelegele chake akiwa ameketi, mdomo ameufunga. Kilitoka kwenye kompyuta ya wakili wa Serikali, mbele ya hakimu.

"Mheshimiwa," alisema wakili huyo, kijana mtanashati aliyeongea kama mtu mwenye basi la kuwahi, "madai yote ya wakazi wa Jiwe Refu dhidi ya kampuni ya kokoto yalimalizwa kwa makubaliano kati ya Serikali na kampuni. Kampuni ilitoa gari la wagonjwa. Serikali ililipokea kwa niaba ya wananchi, na wananchi wakaridhia kwenye mkutano wa hadhara. Mdai ni huyu mama na mumewe. Na mama mwenyewe ni huyu hapa."

Akaigeuza kompyuta. Mgeni rasmi alionekana kwenye kioo, kipaza sauti mkononi: "...tunalipokea gari hili, na madai yote tunayafunga leo. Mnaridhia?" Makofi yakalia. Kisha akatokea Devotha mwenye kitenge cha njano, kichwa amekitupa nyuma, kiganja kando ya mdomo. Kigelegele kilikuwa kirefu. Kilikuwa kirefu kuliko hata alivyokikumbuka. Mtu mmoja kwenye mabenchi ya nyuma akacheka puani.

"Mama, huyo ni wewe?" aliuliza hakimu.

"Ni mimi, mheshimiwa, lakini..."

"Ni wewe au si wewe?"

"Ni mimi. Nilikuwa nashangilia gari."

"Ulisikia alichosema mgeni kabla hujashangilia?"

Kusema kweli Devotha hakusikia. Spika ilikuwa inakoroma, watu walikuwa wanasukumana, na yeye macho yake yalikuwa kwenye gari jeupe na moyo wake ulikuwa kwenye toyo. Siku kampuni ilipolipua baruti kilimani, jiwe lilitoboa bati likamwangukia Cornel nyongani akiwa kwenye cherehani yake. Walimpeleka hospitali kwenye toyo, pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea matofali, na kila shimo la barabara Cornel alilia kwa sauti ambayo Devotha hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Ndiyo maana alipoliona gari lile alifungua koo. Alisema moyoni, asante Mungu, mwingine hatapita nilikopita mimi. Sasa hilo unaanzaje kumweleza hakimu aliyezungukwa na mafaili mpaka kidevuni?

Hakimu hakusubiri. Alisema makubaliano yamefunga madai, mahakama haina tena cha kusikiliza, shauri limefutwa. Asiyeridhika, rufaa ipo. Linalofuata.

Cornel alikuwa ameketi mwisho wa benchi, magongo kati ya magoti. Alikuwa amepiga pasi shati lake jeupe na kujifunza maneno yake barabara: nilikuwa nashona, nikasikia mlipuko, nikaona mwanga juu ya kichwa. Mara mbili alisimama akidhani anaitwa, mara mbili karani akamwashiria akae. Hakuulizwa hata jina.

*

Nje, chini ya ukuta wa mahakama, wakili wao alikuwa ametangulia kutoka, anawasubiri na uso wa mtu aliyechoma ugali wa wageni. Aliitwa Allen, kijana wa msaada wa kisheria, asiyetoza watu, na suti yake moja ilikuwa imeanza kung'aa viwikoni.

"Mwanangu," Devotha alisema, "hebu nieleze polepole, mimi kichwa kimejaa. Jiwe lilimwangukia nani?"

"Baba Kindness."

"Na aliyelipwa ni nani?"

"Serikali. Kwa niaba."

"Serikali iliumia wapi?"

Allen akajikuna shingo. "Mama, hilo ndilo swali la rufaa."

"Hapana, usinipeleke kwenye rufaa kwanza. Mimi ningeenda kwa Faudhia dukani nikamwambia, Faudhia, jirani yetu kakukosea, nimekwenda nimemsamehe kwa niaba yako, na kuku aliyemtoa nimemla kwa niaba yako, si angenitoa na ufagio?"

"Angekutoa."

"Basi kwa nini wao hawatolewi na ufagio?"

Cornel alicheka, kicheko kifupi kikavu, cha kwanza siku ile. Allen naye akatabasamu, halafu akawa makini. Aliwaeleza kwamba haki ya kudai ni ya aliyeumia, na kwamba mkubwa hawezi kuitoa kabla mwenyewe hajaulizwa akajua anaulizwa nini. Hilo ndilo atakalolishikilia kwenye rufaa. Kazi yake ni kuonyesha kwamba Devotha hakuridhia chochote, alishangilia gari.

"Ila nisikilize, mama. Kuanzia leo usiseme neno lolote la kuonyesha umekubaliana na mambo yao. Usisaini kitu. Usiombe msamaha. Usishukuru."

"Hata asante?"

"Hata asante."

"Allen, mimi nitaishije Babati bila kusema asante?"

*

Gari la wagonjwa lenyewe, ukitaka kulijua, lilikaa nyuma ya ofisi ya mtaa chini ya turubai. Mafuta hayakuwa na fungu. Mama Veronica alipozidiwa na uchungu aliambiwa dereva yuko semina, akajifungulia barabarani kwenye bajaji. Mara pekee lilipoonekana likitembea, lilikuwa limebeba viti vya plastiki vya mkutano. Watoto walilishangilia hivyo hivyo.

Faudhia, mwenye duka la mkabala, ndiye aliyepata habari ya mahakamani kabla Devotha hajafika nyumbani. Alimwona tu akipanda kilima akaweka mikono kiunoni.

"Mama Kindness! Wallahi kigelegele chako kimeenda shule. Kinafunga kesi!"

"Faudhia, leo sitaki."

"Hapana, nisikie. Mume wangu Alawi anadaiwa na watu wa mkopo. Njoo upige kimoja tu pale mlangoni, tusafishike."

Devotha alitaka kukasirika, akajikuta anacheka mpaka machozi, na machozi yalipotoka yakakataa kurudi. Faudhia akaacha utani. Akamvuta ndani, akamkalisha kwenye gunia la mchele, akamfungulia soda bila kumuuliza anapendelea ipi.

"Na wewe ulikuwepo siku ile," Devotha alisema. "Ulisikia anasema nini yule mgeni?"

"Mimi? Mimi nilisikia wewe unapiga, nikapiga makofi. Nilijua umesikia."

*

Cornel alikuwa kwenye cherehani. Mguu wa kulia haukuweza tena kukanyaga pedeli, kwa hiyo alizungusha gurudumu kwa mkono mmoja na kuongoza kitambaa kwa mwingine. Suruali aliyozoea kuimaliza kabla ya chakula cha mchana sasa ililala mezani na kuamka. Juu yake bati lilikuwa na kiraka. Hospitali walimwambia nyonga inahitaji kufunguliwa upya, na mtaalamu yuko Moshi. Moshi ilikuwa ndani ya ile kesi. Fidia ikitoka, nyonga inafunguliwa, mguu unarudi kwenye pedeli. Hiyo ndiyo hesabu yote waliyokuwa nayo.

Mwenyekiti wa mtaa, Amedeus, aliingia bila hodi, majora ya kitenge cha bluu begani.

"Fundi! Mambo ya kazi hayo. Mgeni wetu anarudi. Kampuni inafungua upande wa pili wa kilima, kuna mkutano mkubwa. Akina mama wote sare. Nikasema, kwa nini kazi iende mjini wakati fundi tunaye?"

Cornel alikiangalia kitenge. "Nishone sare za kuwashangilia walionivunja?"

"Usiseme hivyo, Baba Kindness. Kazi ni kazi." Amedeus akamgeukia Devotha, akishusha sauti kama mtu wa nyumbani. "Na wewe, mama, tusiwekeane vinyongo. Mahakama imesema, imeisha. Utatuongozea akina mama kama kawaida. Mimi nitazungumza na wakubwa, lile gari limpeleke mzee Moshi. Mafuta yatapatikana."

"Leo mafuta yapo?"

"Yatapatikana, nimesema."

"Na mama Veronica alipojifungulia kwenye bajaji yalikuwa wapi?"

"Mama Kindness, una mdomo."

"Ndiyo. Si ndio mnaoutafuta?"

Amedeus alipoondoka, Cornel alivuta jora la kwanza, akalipima kwa mkono. Devotha alimtazama asiamini.

"Unashona?"

"Nashona. Tunakula nini?"

"Cornel."

"Usiniite hivyo kama mwalimu. Wewe una sauti, mimi nina mkono. Wewe yako walishaitumia bure, mimi yangu angalau wanailipia." Akaanza kuzungusha gurudumu. Baada ya muda akasema, bila kuinua macho, "Kama hilo gari litanifikisha Moshi, Mama Kindness, mimi litanifaa hata kama limetoka kwa shetani. Wewe hulali na huu mguu."

Hakuwa amemwambia hivyo tangu aumie. Devotha akatoka uani akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

*

Siku ya mkutano uwanja wa shule ulijaa bluu. Turubai la wageni lilikuwa na viti vyenye vitambaa, na wananchi walikuwa na jua. Kazi ya Cornel ilionekana kila ulipotazama, mabega yamekaa, kola zimelala sawa, na wanawake walikuwa wanageuka geuka kujionyesha. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi pembeni kwenye ndoo iliyofunikwa, magongo miguuni. Devotha alivaa gauni lake la bluu. Alikuwa amekuja akiwa na nia ya kukaa kimya. Hilo aliliahidi nyumbani, na alilimaanisha.

Mgeni rasmi alisimama. Alisifu barabara, alisifu kokoto, alisifu uelewa wa wakazi wa Jiwe Refu ambao, tofauti na sehemu nyingine, hawapendi migogoro. Makofi. Halafu sauti yake ikashuka kidogo, ikawa ya haraka, na spika ikaanza kukoroma pale pale ilipokoroma mara ya kwanza. Safari hii Devotha alikuwa anasikiliza.

"...na kwa uwekezaji huu, Serikali kwa niaba yenu inapokea kutoka kwa kampuni madarasa mawili, na madai yote yatakayotokea..."

Yatakayotokea. Devotha alilitafuna neno hilo. Si yaliyotokea. Jiwe halijaruka bado, na tayari limeshasamehewa.

"...tunayafunga. Mnaridhia?"

Mgeni akatua kupumua. Mwenyekiti Amedeus, jukwaani, alikwishainua mkono kuelekea upande wa akina mama. "Mama Kindness! Tupatie!" Kijana wa kampuni akaelekeza kamera.

Devotha alisimama. Wanawake waliokuwa karibu naye walikuwa wameshaweka viganja kando ya midomo, wakimsubiri aanze.

"Mheshimiwa, shikamoo."

Mgeni alishtuka kidogo. "Marahaba, mama."

"Kabla sijapiga, naomba unitajie napigia nini."

Kicheko kikapita, cha watu wasiojua kama inafaa kucheka.

"Maana mara ya kwanza nilipigia gari, nikaja kuambiwa nimepigia kesi ya mume wangu. Sasa leo nikipiga, napigia nini? Umesema madai yatakayotokea. Nani atavunjika? Mtaje, tujue tunampigia nani. Ni mtoto wa jirani yetu Pantaleo? Ni mimi?"

"Mama, kaa chini," alisema Amedeus kwenye kipaza sauti. "Mkalisheni chini huyo mama."

"Nakaa. Si mpaka nisukumwe." Akawageukia wanawake. "Lakini jamani, tusiwe tunapiga kama jogoo aliyeona taa. Mtu asipige mpaka ajue."

Akaketi.

Mgeni rasmi alikohoa. Alikuwa mtu mzoefu. Alitabasamu, akarudia kwa sauti ya kirafiki kabisa: "Basi, ndugu wananchi wa Jiwe Refu, mnaridhia?"

Faudhia, mstari wa pili, alikuwa ameinua mikono kwa mazoea. Aliitazama kama mikono ya mtu mwingine. Kisha akaishusha, akaiingiza chini ya mapaja, akaikalia. Mwanamke wa pembeni yake akamwona, akafanya vivyo hivyo. Ikaenda hivyo mstari kwa mstari, bluu yote ikakalia mikono yake. Mzee mmoja wa nyuma alipiga kofi moja, akasikia lilivyolia peke yake, akalificha mfukoni. Mbuzi akalia mbali huko upande wa Nakwa. Mgeni rasmi alisimama na kipaza sauti chake, akitua kimya kimya kama mtu anayeongea na ukuta.

*

Kesho yake waliitwa ofisini kwa mwenyekiti, mke na mume. Walipanda taratibu kwa sababu ya magongo. Nyuma ya ofisi turubai lilikuwa limetolewa na gari la wagonjwa limeoshwa, mlango wa nyuma wazi, dereva ameegemea anachokonoa meno. Cornel alikitazama kitanda cha ndani, shuka jeupe, mikanda. Devotha alimwona akikitazama.

Amedeus hakuwa na hasira. Hilo lilimtisha Devotha kuliko kelele. Aliwavutia viti, akamsaidia Cornel kuketi.

"Tumeaibika, Mama Kindness. Mheshimiwa amelala na maneno yetu. Lakini ni muungwana, hataki makubwa. Neno moja tu la radhi. Gari hilo hapo, mmeliona, limejaa mafuta. Likimalizika neno, mzee anapanda, saa hii hii, Moshi." Akaweka simu mezani. "Yuko hewani. Nitaweka spika. Useme tu kwamba ulikosea, kwamba ulishakubali mambo yote tangu mkutano ule wa kwanza, na kwamba huna dai na mtu. Basi."

"Kuomba radhi ni kusema nimekosea tu," Devotha alisema. "Hayo mengine ya madai yameingiaje?"

"Ni katika kukamilisha."

Devotha alimgeukia mumewe. Alikuwa amejaza maneno kifuani tangu asubuhi, na yote yalikwama kwenye ile nyonga iliyokaa upande kwenye kiti. Mguu haukuwa wa kwake yeye kuuamulia. Alikuwa ameshaamua, akipanda kilima, kwamba Cornel akimwambia sema, atasema, na Allen atamsamehe, na kama hatamsamehe basi.

Lakini Cornel hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama kabatini, ambako simu nyingine ilikuwa imesimamishwa kwenye rundo la mafaili, kioo chake kinawaka, inawaangalia.

"Hiyo ni ya nini?" aliuliza.

"Ipi? Aa, hiyo. Kumbukumbu tu."

"Inarekodi?"

"Baba Kindness, mambo ya ofisi hayo."

Cornel alichukua gongo lake, na kwa uangalifu wote wa fundi anayenyoosha pindo, akaunyanyua ubavu wake kutoka kwenye kiti, akasimama. Ilimuuma. Wote watatu walisikia inavyomuuma.

"Mara ya kwanza walikuchukua picha umefurahi," alimwambia mkewe. "Leo wanataka wakuchukue unalia. Mimi Moshi nitakwenda hata kwa toyo. Sema unalotaka kusema."

"Haloo?" ilisema simu ya mezani. "Mwenyekiti? Huyo mama yupo?"

Devotha alivuta kiti karibu na meza. Akaweka kitenge chake sawa mabegani, akageuka kidogo ili ile simu ya kabatini impate uso mzima.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Nimeambiwa una neno."

"Ninalo. Na mwenyekiti ananirekodi, kwa hiyo nitasema polepole lisije likakoroma. Mimi naitwa Devotha, mke wa Cornel fundi, mtaa wa Jiwe Refu. Gari nililishangilia. Likibeba mgonjwa nitalishangilia tena, bure, mpaka sauti inikauke. Kesi sikuishangilia. Kesi ni ya mume wangu, iko kwenye nyonga yake, na hakuna mtu aliyekuja kumuuliza. Rufaa tunakata. Na la jana pale uwanjani..."

"Mama Kindness," alinong'ona Amedeus, "tafadhali."

"...la jana pale uwanjani, siombi radhi."